Chai Imechemka

Upepo uko mgongoni, noti kumi na nne.
Spinaka imevimba mbele yetu, nyekundu,
kama shavu la mgonjwa anayekataa kumeza dawa.
Upande mmoja meli za mafuta zimefungwa kwenye maboya yao,
upande wa pili Kisiwa cha Fahal, jiwe tupu na ndege,
na mbele yake boya la manjano tunalolikimbilia sote.

Mimi ni mtu wa omo. Kazi yangu upondo.
Siku za kazi nahesabu vidonge duka la dawa, Al-Khuwair;
Ijumaa narudi nyumbani na michubuko ya magoti
ambayo mama huiulizia kwa Kiarabu
na bibi huikanda kwa Kiswahili.

Ghaniya, mshika usukani wetu,
hapazi sauti hata boti igongwe.
Aliniambia: Usiligeuze tanga.
Liache lilipo, na upepo wake, limeshiba.
Geuza boti chini yake,
taratibu,
kama unavyochomoa mkono chini ya mtoto aliyelala.

Nikadhani anapamba maneno.
Mara yangu ya kwanza spinaka ikajisokota kwenye waya wa omo
kama kanga iliyonaswa na pangaboi.
Dakika ishirini tunaifungua,
boti zote zikatupita, hata ile ya benki.

Sasa nasimama, mgongo kwenye mlingoti,
miguu nimeitanua, macho juu, si mikononi.
Yaqdhan yuko joshini, Bishara demani,
huyu analegeza, yule anavuta, pumzi moja.
Nachomoa upondo mlingotini,
naupachika kwenye kamba ya upande mpya,
nausukuma nje, naachia kamba ya zamani,
ncha iliyobaki naifunga mlingotini. Tayari!
Sekunde sita, kwa hodari.
Kumi na moja, kwangu.

Na katikati ipo sekunde moja
upondo umeshika kamba zote mbili
na mlingoti haujashika kitu.
Hapo mlingoti ni mimi.
Ukiniuliza sekunde hiyo kwetu ni wapi
nitakujibu: shika kamba.

Amri zetu ni za Kiswahili.
Si mapenzi ya lugha, ni hila.
Kiarabu wanakisikia wote,
Kiingereza wanakisikia waliobaki.
Basi Ghaniya akisema *chai imechemka*, tunajiweka sawa;
akisema *mimina*, tunageuka.
Msimu mzima hakuna aliyetujua.

Leo *Nasimu* iko nyuma yetu, inatuibia upepo,
tanga letu linaanza kusinyaa pembeni.
Ghaniya, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa:
"Chai imechemka."
Na kutoka omo ya *Nasimu*, sauti naijua:
"Na vikombe vyetu viko tayari!"

Muadh. Mtoto wa khalati.
Tumekunywa birika moja, jikoni mwa bibi, miaka yote,
na hakuniambia kwamba wamemchukua.

Yaqdhan akacheka mpaka akakosa kuvuta.
Ghaniya hakucheka.
"Mimina," akasema,
na usukani hakuugusa.

*Nasimu* ikageuka kwa pupa, tanga na boti pamoja,
nikaiona spinaka yao ya kijani ikizunguka waya,
mzunguko mmoja, wa pili,
kanga, pangaboi.
Muadh akaparamia omo akinitukana kwa lugha tamu.

Kisha sitaha yetu ikainama kidogo chini ya nyayo zangu.
Hakuna aliyesema neno.
Mikono ikachomoa, ikapachika, ikasukuma,
na tanga juu halikujua kwamba tumepita.

Tulimaliza wa tatu. Boti ya benki ilikuwa ya pili,
usiniulize.

Wiki ijayo tunahitaji maneno mapya.
Bibi ametupa mawili, ya zamani sana,
Muadh hakuwahi kuyasikia.
Siyaandiki hapa.